Kijana mnene hapunguzwi kwa kuaibishwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila makala ya unene wa watoto inapotoka magazetini, ushauri huwa uleule: apunguze chipsi, aache soda, afanye mazoezi. Si ushauri mbaya, ila unamruka kijana mwenyewe, yule wa kidato cha pili anayevaa sweta saa saba mchana katika joto la Dar es Salaam ili kifua chake kisionekane. Sisi tunaoandika ni maofisa lishe, wauguzi na walimu wa unasihi. Tunachosema ni kwamba aibu haipunguzi uzito, inauongeza, na anayetaka kumsaidia kijana huyu ashughulike na yaliyo moyoni mwake kabla hajagusa sahani yake.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walikuwa na unene uliopitiliza. Mwaka 1990 uzito uliozidi ulikuwa kwa asilimia 8 ya umri huo. Mwaka 2022 ulifika asilimia 20. Kwetu, ambako bado tunapambana na udumavu, mtoto mnene huhesabiwa kuwa hana shida. Ameshiba, analalamika nini?

Analalamika kwa sababu anaishi kati ya sauti mbili. Nyumbani shangazi akija anamsifu kuwa amenawiri, anamwongezea wali, na siku akipungua kidogo majirani wanaulizana anaumwa nini. Akitoka nje ya geti ni bonge, tipwatipwa, lori. Konda wa daladala anamwambia asogee kwa kuwa amekalia siti mbili. Bodaboda anadai nauli ya watu wawili. Mwezi Januari fundi cherehani anatangaza kipimo cha kiuno chake mbele ya foleni ya wanaosubiri sare. Hakuna hata mmoja wa watu hao anayedhani amefanya ubaya, na ukimuuliza atakwambia alikuwa anatania. Kijana anayajumlisha yote, kila siku, na jibu analopata ni kwamba mwili wake ni kosa.

Sasa tazama siku yake inavyokwenda. Anaondoka nyumbani saa kumi na mbili bila kunywa chai kwa sababu ameamua leo anapunguza. Mapumziko ya saa nne hanunui kitu, kwa kuogopa macho ya wenzake wakimwona anakula. Anarudi saa kumi jioni nyumba ikiwa tupu, njaa imemlemea, na hapo anakula ugali wa jana, mkate nusu, maandazi, mpaka tumbo linauma. Karatasi na mifuko anaficha chini ya godoro. Chakula cha usiku anasema hasikii njaa. Mama naye anashangaa: huyu hali kitu, ananenepa kwa lipi? Saa sita usiku anaamka tena kimyakimya. Asubuhi anajiapiza upya kwamba leo hatakula, na mzunguko unaanza.

Huo si ulafi wala udhaifu wa tabia. Mwili ulionyimwa chakula mchana kutwa hudai kwa nguvu, na akili iliyoaibishwa hutafuta faraja ya haraka, ambayo kwa kawaida ni ya sukari na mafuta. Msongo wa muda mrefu hupandisha homoni ya kotisoli, na kotisoli huchochea hamu hiyohiyo. Kukosa usingizi hupunguza homoni inayoashiria shibe na kuongeza ile ya njaa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ulioongozwa na Dianne Neumark-Sztainer na kufuatilia vijana kwa miaka mingi, ulionyesha kuwa waliotaniwa kuhusu uzito na waliojinyima chakula ili wapungue walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kula kwa kufakamia na ya kunenepa miaka ya baadaye. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, nayo inakwenda pande zote mbili: unene huongeza uwezekano wa kuipata, na mwenye sonona yuko katika hatari zaidi ya kunenepa.

Mzazi atajuaje kwamba kula kumefikia hatua ya ugonjwa? Wataalamu wa afya ya akili huangalia kama kijana anakula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kama saa mbili hivi, huku akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Dalili za kuambatana ni kula kwa kasi isiyo ya kawaida, kula mpaka maumivu, kula bila njaa, kula kwa kujificha, na kujichukia baada ya hapo. Tatu kati ya hizo tano zinatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Kama pia anajitapisha au anameza dawa ili aharishe, usisubiri miezi mitatu.

Kuna mambo ya mwili ambayo watu huyasoma kama tabia mbaya, na hapa ndipo tunapoona vijana wakiumizwa bure. La kwanza ni shingo. Ngozi ya shingo na kwapa huwa nyeusi na nene, yenye mikunjo. Mama anaisugua kwa dodoki na jiwe, wenzake wanasema haogi. Huo si uchafu na hausuguliki: ni dalili kwamba mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hivyo insulini imezidi kwenye damu. Kusugua kunaichubua tu. Kinachotakiwa ni kipimo cha sukari ya damu, na weusi hufifia taratibu hali ya insulini ikitengemaa. Mwambieni hivyo kwa sauti, na ndugu zake wasikie.

Halafu kuna usingizi. Kijana anayesinzia darasani kila siku anaitwa mvivu. Muulizeni anayelala naye chumba kimoja: anakoroma usiku mwingi? Pumzi inakatika kisha anashtuka? Anaamka na maumivu ya kichwa, au bado anakojoa kitandani? Majibu ya ndiyo yanamaanisha njia ya hewa inaziba akilala, na anahitaji daktari wa masikio, pua na koo, maana mara nyingi mafindofindo yamevimba. Mtoto ambaye usiku hapati usingizi wa kweli atakuwa mkali, msahaulifu na mwenye huzuni mchana, na hakuna nasaha itakayomtosha kabla ya kutibiwa hilo.

Kubwa kuliko yote kwa haraka yake ni nyonga. Kijana mzito wa umri wa takribani miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamika nyonga, paja au goti asiambiwe kuwa anakwepa mazoezi. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza kutoka mahali pake. Asikanyage mguu huo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na apigwe picha ya nyonga zote mbili hata kama yeye anaonyesha goti. Mwalimu anayemrusha kichurachura kijana wa namna hii anaweza kumlemaza.

Mapaja yanayosuguana huchubuka kwa jasho, kijana anatembea kwa kutanua miguu, darasa linacheka. Taiti fupi chini ya sketi au suruali, na mafuta ya mgando yakipakwa kabla ya kutoka nyumbani, huondoa sehemu kubwa ya adha hiyo kwa gharama ndogo sana. Wavulana wanateswa na kifua: waelezwe kwamba hata wembamba wengi huota tishu ya matiti wakati wa balehe, na kwa kawaida hutoweka ndani ya miaka miwili. Msichana ambaye hedhi inapita miezi mitatu bila kuja, anayeota ndevu kidevuni na kujaa chunusi, apelekwe kliniki badala ya kuachwa ahisi yeye si mwanamke kamili. Baadhi ya dawa nazo hunenepesha, zikiwemo valproeti ya kifafa, risperidoni na olanzapini za magonjwa ya akili, na prednisoloni ya kutuliza uvimbe. Kijana asiache kumeza kwa kujiamulia. Mzazi aulize kama kuna dawa mbadala.

Tusisahau pia kwamba wasichana wenye uzito mkubwa mara nyingi huvunja ungo mapema. Ana miaka 11, mwili wake unaonekana wa 17, na wanaume wa kijiweni wanamwita majina anayoyaelewa nusu. Akianza kukataa kutumwa dukani, msimwite jeuri. Muulizeni nani yuko njiani.

Kuhusu kupima, kosa la kawaida ni kutumia jedwali la watu wazima. Kwa mtu mzima, unagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na 25 ni uzito uliozidi, 30 ni unene uliopitiliza. Kwa umri wa miaka 5 hadi 19, WHO ina majedwali ya mwaka 2007 yanayokwenda kwa umri na jinsia. Msichana wa miaka 14 mwenye urefu wa mita 1.55 na kilo 68 anapata 28.3: jedwali la watu wazima litasema amezidi kidogo, wakati kwa umri wake mpaka wa unene uliopitiliza ni karibu 27.3. Majedwali hayohayo yana habari njema ambayo vijana wengi hawajawahi kuambiwa. Mvulana wa miaka 13 mwenye mita 1.50 na kilo 56 yuko kwenye 24.9, yaani juu kidogo ya mpaka wa unene uliopitiliza. Akifika karibu miaka 14 na nusu akiwa na mita 1.60 na kilo zilezile 56, anapata 21.9, ambayo kwa umri huo ni uzito wa kawaida. Hakupungua hata kilo moja. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, lengo mara nyingi ni kutoongezeka tu, na kumwambia hivyo kunamtua mzigo mkubwa. Kipimo kifanyike faraghani, namba isisomwe kwa sauti, isiandikwe kwenye orodha inayobandikwa ukutani.

Kuna biashara inayonenepa kutokana na aibu hii: chai na vidonge vya kukata tumbo vinavyouzwa kwenye simu. Chai nyingi za aina hiyo zina sena, dawa inayomfanya mtu aharishe. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachopungua kwenye mzani ni maji, na pamoja nayo madini ya potasiamu yanayolinda mapigo ya moyo. Vidonge ni hatari zaidi. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo, imekutwa tena na tena ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Kijana anayelalamika moyo kwenda mbio na kinywa kukauka aulizwe kwa upole amemeza nini, na pakiti ipelekwe naye hospitali.

Upande wa pili wa hatari hii hauonekani kabisa, kwa sababu unapongezwa. Kijana mnene anayepungua ghafla kwa kujinyima anaweza kuwa mgonjwa mahututi huku bado anaonekana ana mwili. Hedhi imekatika, anasikia baridi, anazirai mstarini, nywele zinanyonyoka. Mapigo ya moyo yaliyo chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa ametulia yanatosha kumlaza hospitali. Na mtaani wote wanasema hongera, umependeza, endelea hivyohivyo!

Si kila kijana mnene ana huzuni. Wapo waliotulia kabisa, na kuwahurumia kwa nguvu ni aina nyingine ya kuwasumbua. Lakini dalili zikidumu wiki mbili au zaidi, yaani kuacha alichopenda, kukataa kupigwa picha, kukosa shule hasa siku za michezo, hasira, usingizi kuvurugika, alama kushuka, achunguzwe. Msimsahau mchekeshaji wa darasa anayejitania unene wake kabla wengine hawajamtania. Katika vituo vya afya dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9 lina tafsiri ya Kiswahili: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa 0 hadi 3. Jumla ya 10 na kuendelea inahitaji tathmini ya mtaalamu. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya sifuri linashughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ni ndogo. Muulize waziwazi: umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za nyumbani, sumu ya panya na viuatilifu vya shambani vifungiwe, na apelekwe hospitali. Namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, inapatikana Tanzania, Kenya na Uganda.

Nyumbani, kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna sahani ya mnene. Kinachobadilika kibadilike kwa nyumba nzima, baba akiwemo na kitambi chake. Kumpikia mmoja mchicha huku wengine wanakula pilau ni kumtangaza. Kanuni ya pili: kubadilisha jambo moja kwa wiki mbili, halafu lingine. Mfano, chai ya vijiko vinne vya sukari iwe ya vitatu, kisha viwili. Soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai, wakati WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000. Ikihama kutoka kila siku kwenda siku ya sikukuu, hilo peke yake ni hatua kubwa.

Chai ya asubuhi haikosekani, hata kama ni kiazi kitamu kimoja na yai. Hapo ndipo mzunguko wa kufakamia unapovunjikia, na wazazi wengi hawaamini: wanaona mtoto mnene akiruka mlo wanafurahi. Sufuria irudi jikoni baada ya kupakua. Kula kuwe pamoja, na mezani au jamvini pasizungumzwe uzito wa mtu yeyote, pamoja na mama kulalamikia mwili wake mwenyewe mbele ya binti. Chakula kisiwe zawadi wala adhabu. Ukikuta karatasi chini ya godoro, usizipeleke sebuleni kama ushahidi. Zitupe, na siku nyingine, mkiwa mnatembea au mnaosha vyombo, muulize jioni huwa anajisikiaje akiwa peke yake. Kisha nyamaza umsikilize. Wazazi huharibu hapa kwa kutoa ushauri dakika ya pili.

Usingizi wa saa 8 hadi 10, simu ikilala nje ya chumba. Mwendo wa dakika 60 kwa siku, ambazo si lazima ziwe za mfululizo: kutembea kwenda shule, rede, kuruka kamba, kucheza muziki, kubeba maji. Kazi za mikono zihesabiwe. Kumpeleka uwanjani akimbie mbele ya watu siku ya kwanza ni kuhakikisha hakutakuwa na siku ya pili.

Shuleni, kukimbizwa uwanja kusiwe adhabu, kwani humfundisha kijana kwamba mazoezi ni mateso. Manahodha wasichague wachezaji mmojammoja mpaka abaki yeye. Mwalimu agawe timu kwa kuhesabu namba. Apimwe kwa muda wake mwenyewe wa mwezi uliopita, si kwa mshindi wa darasa. Aruhusiwe trakisuti. Na kejeli ikiripotiwa, mwalimu aandike nani, lini, wapi na maneno yenyewe, azungumze na kila upande peke yake, afuatilie baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Kumsimamisha aliyetukanwa mstarini ili aombwe msamaha mbele ya shule nzima ni kumtukana mara ya pili.

Tuna ombi kwako pia, Ndugu Mhariri. Habari za unene huchapishwa na picha ya tumbo lisilo na kichwa, iliyopigwa mtaani bila ridhaa ya mwenyewe. Msichana wa kidato cha kwanza akiiona anajua watu wanavyomtazama. Tumieni picha ya mtu mzima mwenye sura aliyeridhia, akipika, akitembea au akifanya kazi yake, yaacheni majina ya utani nje ya vichwa vya habari, na chini ya kila makala ya namna hii chapisheni namba 116.

Kundi la maofisa lishe, wauguzi na walimu wa unasihi,
Dar es Salaam.
(Majina yamehifadhiwa)